Baba, Nimeipata Ile ya 1877

Kitengela,
Jumapili, Agosti 2007

Baba,

Nimeipata. Sianzi na salamu, utanisamehe, maana nikianza na habari za mvua na nani ameoa nitapasuka kabla sijafika. Nimeipata ile ya 1877! Iko hapa mezani, kando ya kikombe cha chai kilichopoa bila kuguswa, na Mama amepita mara tatu kuniuliza kwa nini nacheka peke yangu.

Ningekuja kukuambia huko huko ulikolala, lakini Bungoma ni mbali na kesho niko zamu ya asubuhi kwenye maabara ya kiwanda cha saruji. Kwa hiyo naandika. Ulikuwa ukisema kwamba nikishika kalamu ni kama nimepewa mkutano wa hadhara. Basi keti, mkutano umeanza.

Hadithi hii unaijua kuliko mimi, ila wewe uliijua kama mwenye mali na mimi niliijua kama mtoto aliyekatazwa kugusa, kwa hiyo acha niisimulie kwa upande wangu. Mzee Carl, yule Mmarekani wa mradi wa maji wa kanisa, alipokuwa akirudi kwao, wafanyakazi wenzako aliwaachia blanketi, redio na viti. Wewe, fundi wake wa pampu, alikuachia albamu ya kadibodi ya buluu. Mama alikuwa ameshapanga mahali pa kuweka friji! Alipoona umeshuka kwenye pikipiki na kitabu kwapani, aliingia jikoni na hatukumsikia mpaka wakati wa chakula.

Ndani ya albamu kulikuwa na matundu arobaini na mawili, kila tundu na mwaka wake chini, kuanzia 1859 hadi 1900, na kila tundu lilingoja senti moja ya Marekani ya mwaka ule. Senti ndogo, kama kifungo cha koti, na juu yake kichwa cha mtu aliyevaa manyoya ya ndege. Matundu kumi na moja yalikuwa matupu. Ukasema utayajaza yote. Mtu anayelipwa kutengeneza pampu za visima vya Kajiado akasema hivyo, bila kucheka.

Na uliyajaza, Baba, kumi kati ya kumi na moja. Nyingine Mzee Carl alizituma ndani ya kadi za Krismasi, zimebandikwa kwa selotepu. Nyingine ulizipata Namanga, kwa wale akina mama wanaouzia watalii shanga pale mpakani. Watalii huwaachia sarafu za kwao, benki hazizipokei, basi zinalala kwenye mikebe. Wewe ulikuwa unakaa chini pamoja nao, unamimina mkebe juu ya leso, unachambua kama mtu anayechagua mawe kwenye maharagwe. Siku ulipopata ya 1899 ulipiga honi kutoka kona ya kanisa hadi langoni petu, na Mama akatoka mbio akidhani kuna msiba.

Ikabaki 1877. Mzee Carl aliandika kwamba mwaka ule zilitengenezwa chache mno, na kwamba yeye mwenyewe, pamoja na kuzaliwa huko, hajawahi kuishika hata moja. Ulisoma barua ile, ukaikunja, ukasema, "Hiyo nitaipata hapa hapa Kajiado." Tulikucheka mpaka kaka akaanguka kwenye kochi.

Sasa ni mwaka wa pili tangu tukusindikize. Kuna mambo usingeyatambua hapa. Ule uwanda nyuma ya nyumba, ambako pundamilia walikuwa wanasogea hadi kwenye ua wakati wa kiangazi, umekatwa ploti, na jirani amejenga ghorofa nne. Jua la asubuhi amelichukua lote, na nguo za Mama sasa zinakauka saa tisa. Mama ana simu ya mkono. Anaipigia kelele, nadhani anaamini kwamba Bungoma watamsikia kwa nguvu ya koo. Nguo zako waligawana ndugu zako baada ya matanga, kama ilivyo desturi, na pikipiki ilichukuliwa na baba mdogo. Albamu hakuna aliyeitaka. Ilibaki juu ya kabati pamoja na lenzi yako, nikaishusha mimi. Nilifungua ukurasa ule, nikaona lile tundu moja tupu, nikalia siku hiyo kuliko nilivyolia makaburini. Nikaapa kwamba nitalijaza.

Kabla ya kutafuta kitu ni lazima ukijue, hilo nimejifunza maabara. Nikaipeleka albamu Nairobi, kwa mzee mmoja mwenye duka la vitu vya kale, anifundishe kuitambua 1877 ya kweli, maana za uongo ni nyingi. Alinifundisha vizuri. Alisema nigeuze upande wa nyuma, nitafute neno ONE, niangalie herufi ya katikati. Kwenye ile ya kweli, herufi hiyo imechongwa kidogo tu, haijaingia ndani kama kwenye miaka mingine. Nikaandika kila kitu.

Halafu akainamisha lenzi yake juu ya senti zetu. Akafunua ukurasa, akafunua mwingine. Mwisho akauliza, "Nani alisugua hizi?"

Nikasema sijui.

Baba, nilidanganya. Unajua ni nani. Nilikuwa darasa la saba, na Jumamosi ile wageni wa kanisa walikuwa wanakuja kwetu kwa maombi, na ulikuwa umetangaza kwamba utawaonyesha albamu. Mimi nikaziona senti zako zimekuwa nyeusi-nyeusi, nikakuonea aibu. Nikazitoa zote. Nikazisugua kwa majivu na limau na uzi wa chuma, vile vile Mama alivyonifundisha kusugua sufuria, mpaka nikajiona ndani yake. Nilizipanga mezani juu ya kitambaa cheupe, nikakungoja. Ulisimama mlangoni, kofia mkononi, kwa muda mrefu. Kisha ukasema, "Asante, Mama. Zimeng'aa." Ulikuwa ukiniita Mama kwa sababu nilirithi jina la mama yako, na siku ile uliniita hivyo kwa upole kuliko siku zote. Nilivimba kichwa wiki nzima.

Yule mzee wa Nairobi alinieleza kwamba ile rangi ya kahawia ndiyo ngozi ya senti. Miaka mia moja inaijenga, na ukishaisugua hairudi tena. Akasema, kwa mkusanyaji, hizi zimekufa. Alisema taratibu, si mtu mbaya. Nilirudi nyumbani na albamu kifuani nikiwa sitaki kuonana na mtu. Miaka yote ile, Baba, hukusema hata neno! Hata siku tulipogombana kuhusu kozi yangu hukunitajia.

Kwa hiyo 1877 haikuwa tena mchezo. Nilitaka ndani ya albamu ile iwemo senti moja, moja tu, ambayo mkono wangu haujaiharibu. Niliitaka kahawia, na ngozi yake.

Basi, mwishoni mwa mwezi wa saba bomba la jikoni likavuja, nikafungua sanduku lako la vifaa kutafuta spana. Chini kabisa nikakuta daftari la visima. Kila kisima na ukurasa wake: urefu wa paipu, siku uliyobadilisha ngozi za pampu, nani anaweka ufunguo. Kwenye ukurasa wa Mashuuru, pembeni, kwa ule mwandiko wako uliolala: "1877. Koko Nasieku. Nimeiona kwa macho yangu. Usiulize."

Niliruka nikagonga kichwa kwenye rafu. Bado niko na nundu.

Neno la mwisho sikulielewa. Koko kwa Kimaasai ni bibi, nikadhani huyu ni mkali, labda aliwahi kukufukuza. Na wewe unanijua, ni lini nilikatazwa jambo nikaacha?

Jumamosi iliyofuata nikawa Mashuuru. Pampu yako bado inafanya kazi, nilikunywa maji yake kabla ya lolote. Wanawake waliokuwa wakiteka maji walinionyesha boma. Koko Nasieku alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, anatunga shanga bila miwani, umri ule! Niliinamisha kichwa, akakigusa. "Takwenya," akanisalimu. "Iko," nikajibu, nikijivunia kwamba kidogo cha Kimaasai ulichonifundisha hakijapotea.

"Wewe ni mtoto ya nani?"

Nikamwambia, ya fundi wa pampu.

Sindano ikasimama. Akasema neno moja tu, "Pakerr."

Ilibidi anieleze, kwa sababu wewe hukuwahi. Kwamba kwao mtu akikupa mnyama, jina la ile zawadi linakuwa jina lenu wawili, unamwita hivyo naye anakuita hivyo mpaka kufa. Kwamba mwaka ule wa ukame, kondoo wake walipokwisha wote, ulifika kubadilisha paipu ukiwa umefunga kondoo nyuma ya pikipiki, ukamwachia. Tangu siku hiyo mkawa Pakerr na Pakerr, yaani wa kondoo. Baba! Yule kondoo alikuwa wetu wa Krismasi! Ulitwambia alikata kamba akapotelea njiani karibu na Isinya, na tukala Krismasi ile maharagwe na chapati, tukikuonea huruma!

Alikuwa ameshasikia kwamba umefariki, dereva wa mradi alimwambia. Alisema amekulilia. Kisha akaniketisha, akanipa chai, na nilipokuwa nakunywa ndipo nikaiona. Katikati ya mkufu wake mzito wa shanga nyekundu na nyeupe, imetobolewa juu, inaning'inia. Kahawia, rangi ya chai ya rangi. Mkufu ni wa mama yake, na ile senti ilikuja na shanga na minyororo ya wafanyabiashara wa zamani, yeye hajui zaidi, na mama yake aliipenda kwa sababu juu yake kuna moran, kijana wa vita, amevaa manyoya.

"Baba yako alisema huyo ni mwanamke," akaniambia, akaanza kucheka upya. "Mwanamke gani anavaa manyoya ya moran? Nilicheka mpaka ng'ombe ikageuka."

Nikamwomba niiangalie. Nikatoa lenzi yako. Mwaka: 1877. Nikageuza. Ile herufi ya katikati ilikuwa hafifu, imeguswa tu, kama mtu aliyeandika kalamu ikiwa inaisha wino. Niliinama karibu mno mpaka Koko akanishika kiwiko.

Na hapo hapo nikaomba. Kinywa kilitangulia. "Koko, naomba unipatie hii."

Hakukasirika, wala hakushangaa. Akasema, "Sawa. Kuja Jumamosi ingine. Siwezi kupatia mtoto ya Pakerr kitu imetoka kwa shingo hivi hivi."

Wiki hiyo, Baba, sikufanya kazi, niliigiza kazi. Nilipima mchanganyiko mmoja wa saruji mara nne. Nilisafisha mizani ya maabara kwa ajili ya senti ya gramu tatu. Nilimwambia kila mtu kiwandani, na hakuna aliyeelewa ila walifurahi kwa sababu nilikuwa nimefurahi.

Jana nikarudi. Koko alikuwa amevaa vizuri, amepaka mafuta, ananingoja. Alifungua kiganja.

Ilikuwa inang'aa kama sufuria ya harusi.

Alikuwa ameisugua kwa majivu na mchanga. Mwenyewe, akaniambia, kwa mikono yake, siku mbili, kwa sababu hampi mgeni kitu kichafu. Ile kahawia yote ilikuwa imekwenda, miaka mia moja na thelathini, imebaki rangi ya waridi kama kidonda kinachopona. Nilitaka kupiga yowe. Na Koko alikuwa anangojea uso wangu, Baba, kwa yale macho, jinsi mimi nilivyokuwa nikingojea wako.

Ndipo nikajua ulikuwa unafanya nini pale mlangoni na kofia mkononi. Ni kazi! Mashavu hayataki, na una muda mdogo tu kabla mwenzio hajaona. Nikasema, "Ashe oleng, Koko. Imeng'aa." Sauti iliyotoka ilikuwa yako kabisa. Na nilipokwisha kusema nikakuta kwamba ni kweli, namshukuru kweli, wala si uigizaji. Labda na wewe ilikuwa hivyo. Nimeamua kwamba na wewe ilikuwa hivyo.

Alifurahi, akanivuta karibu. Kisha akaniuliza kama najua kwa nini wewe hukuwahi kuiomba. Nikasema sijui. Akanieleza kwamba kati ya Pakerr na Pakerr mmoja akiomba, au mtoto wake, mwingine hawezi kukataa, ni aibu kubwa. Wewe ulijua hilo. Ulikaa pale miaka na miaka, ukanywa chai, ukaitazama shingoni mwake, ukazungumza habari za paipu, ukaenda zako.

Usiulize. Kumbe ulimaanisha usiombe. Nilikuwa nimemwomba bibi wa watu kitu cha mama yake, na hakuwa na njia ya kukataa. Nikamrudishia kiganjani, nikamwambia samahani Koko, sikujua, chukua. Akakunja vidole vyangu juu yake, kwa nguvu.

"Ikishatoka imetoka," akasema. "Na baba yako alikuwa mjinga kidogo, Mungu amlaze. Mimi nilikuwa nangoja aombe! Nilikuwa nishachagua ndama ya kumuomba na mimi!"

Tulicheka wote wawili mpaka tukafuta machozi. Halafu akanyoosha kidole kwenye mkufu, mahali palipobaki wazi. "Sasa na mimi naomba. Hapa niko na pengo. Nipatie moja ya kuweka."

Nilikuwa na albamu mkobani, maana nilitaka kuitia 1877 mahali pake mbele ya macho yake. Nikaifungua magotini mwake. Akaona safu zote zile zinazong'aa, zile nilizoziua kwa limau, akapiga makofi. "Kumbe hata nyinyi mnaosha!"

Nikasema, "Ndiyo, Koko. Nilizisugua mimi." Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa sauti.

"Ulisugua mzuri," akasema.

Akapitisha kidole polepole, mwaka kwa mwaka, akarudi, akachagua ya 1885. Kwa sababu, alisema, huyo moran ndiye anayemwangalia. Nikaitoa. Lakini senti haiwezi kuning'inia bila kutobolewa, na Koko akaniletea msumari, jiwe na nyundo, akaniwekea mbele. Fikiria, Baba. Yule mzee wa Nairobi angezirai. Niliweka senti ya 1885 juu ya jiwe, nikasimamisha msumari juu ya manyoya, nikapiga. Mara ya tatu ukapenya. Nilijisikia vizuri ajabu, sina namna nyingine ya kulisema. Yeye akaipitisha uzi, akaivaa, akanyoosha shingo nione.

Kisha nikaibonyeza 1877 ndani ya tundu lake kwa kidole gumba. Iliingia bila kubishana. Imekaa kati ya dada zake, inang'aa kama wao, na kijitundu chake juu ya kichwa. Leo asubuhi nilimwonyesha Mama, nikamweleza yote, hata habari za kondoo. Aliendelea kuchambua mboga. Halafu akasema, "Nilijua. Kondoo amefungwa kwa pikipiki atapotea vipi?" Akaomba lenzi. Hajawahi kuiomba tangu ile siku ya friji. Ametazama ile senti muda mrefu, na macho yake yalipotoka pale yalikuwa yamelowa.

Kwa hiyo hesabu ni ile ile, Baba: matundu arobaini na mawili, na moja halina kitu. Sasa ni 1885. Kwa kuwa ni langu, nililifungua mimi kwa nyundo, nitalijaza mimi. Nakuahidi hilo. Nakuahidi pia Mashuuru, kila baada ya mvua, hata kama sina shida na mtu. Na siku nitakapoiona 1885 kwenye shingo ya bibi mwingine yeyote, nitaketi, nitakunywa chai yake, nitazungumza habari za maji, na nitafunga mdomo wangu hata nikifa.

Pumzika sasa. Umefanya kazi ya kutosha.

Mwanao uliyemwita Mama,
Nekesa